Mwanamke Aliyepewa Jina la Kadzo

Filamu haikuwa na sauti, lakini spika zilikuwa zinahema.

Mwaringa alichomoa waya, akachomeka tena. Kazi yake katika kibanda cha video pale Gede ilikuwa kutafsiri filamu kwa maiki watazamaji wakiangalia, na mwezi huo alikuwa na filamu moja kongwe ya Wazungu, bubu tangu mwanzo hadi mwisho, ya mwanamke aliyesingiziwa uzinzi akafukuzwa na mumewe. Masikini wa Mungu hakuwa na kosa. Lakini Mwaringa alitaka watu wacheke, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimpa yule mwanamke jina la Kadzo, muuza viazi karai wa pale mlangoni, akamzulia mahawara kuanzia Gede hadi Ngomeni. Watu walishika mbavu. Lisemwalo lipo, wakaanza kunong'ona, na Thoya, mumewe Kadzo, akamrudisha mkewe kwao Ganda.

Sasa kibanda kilinuka udi, na hakuna aliyefukiza. Mwaringa akainua maiki, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke: "Nilifanya nini?" Watu wakacheka, wakidhani ni kichekesho kipya, naye akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini sauti ikapenya katikati ya vidole, ikauliza tena na tena, huku yule mwanamke kwenye skrini akiwa ameacha kulia, amemgeukia yeye, na midomo yake ikienda sawasawa na ya Mwaringa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Hawe Mbodze, mganga. Mama huyo alimfunika leso, akamfukizia ubani.

"Wataka nini, mgeni?" akamnong'oneza pepo aliyempanda. "Kuku? Marashi?"

"Nataka aseme hatuna kosa," sauti ya mwanamke ikajibu chini ya leso.

"Hamna? Kwani mko wangapi?"

"Wawili."

Hawe akamfunua. "Mwanangu, huyu hatoki kwa kuku. Uliwavua nguo mbele za watu. Wavishe mbele za watu hao hao, na usimwache mmoja."

Jumamosi kibanda kilijaa. "Mwanamke huyu wa filamu alisingiziwa," alisema Mwaringa kwenye maiki, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akashusha pumzi. Likabaki jina la Kadzo tu. Lakini Thoya alikuwa benchi la mbele, anamtazama, na Mwaringa akaona haya, haya za kuunguza masikio. Angeonekana mtu gani? "Basi, jamani," akasema, "hadithi ndiyo imeisha."

Spika zikahema. Kwenye skrini, nyuma ya yule mwanamke, alisimama mwingine, kajifunga leso, sinia ya viazi mkononi. Mwaringa alimtambua, na hapo ndipo aibu ya kweli ilipomshika. Akasimama, akapaza sauti: "Kadzo hana kosa! Niliyazua mimi!"

Lakini kinywani hakikutoka kitu. Midomo ilikwenda, mikono ikapunga, machozi yakamtiririka, wala hapakusikika neno. Akasema tena, na tena.

Thoya ndiye aliyeanza kucheka.