Wanaume wa Telefone ya Bénédicte

Pale soko la Mudzipela, Bénédicte, fundi wa mitandao ya kompyuta, alipunga mkono kuita teksi ya piki-piki: "Moto!" Piki-piki ya kwanza kusimama ikawa ya Kasereka, mchumba wake, aliyekuwa akimkwepa siku tatu nzima.

"Panda," Kasereka alisema, macho chini, kola ya koti la ngozi imepandishwa hadi masikioni.

"Nipande nini! Baba zako badogo bakuje kwetu jumapili kutoa mahari, mama amekwisha kushonesha kitenge, na weye unabaambia basikuje! Juu ya nini?"

Wauza samaki wa ndagala wakasogea ili wasikie vizuri.

"Uliza telefone yako. Niliona na macho yangu: *Liévin amerudi. Zacharie hajibu. Ézéchiel iko na joto sana.* Banaume bangapi, chérie?"

"Ulifungua telefone yangu?"

"Ililia tu."

"Ililia ndani ya sakoshi, Kasereka! Na sakoshi ilikuwa imefungwa!" Bénédicte aliupiga mkoba wake begani.

"Eee!" Mama Falone, mmoja wa wauza ndagala, akadakia juu ya beseni lake. "Sakoshi ya mwanamuke? Huyu haiko fiancé, huyu ni polisi."

Bénédicte alimgeukia Kasereka. "Bale ni balinzi, mujinga weye! Programu ndogo. Kila kompyuta ya wateja natia moja, ikiona shida inaniandikia. Na kila moja inaomba jina yake peke. Mbili zikiwa na jina moja, moja inakufa, ingine inajibu 'niko', na mi sijue kitu. Njo maana nilichukua liste ya darasa letu la ufundi: vijana makumi tatu na moja, binti mi peke yangu."

Kasereka akashusha kola. "Na jina yangu? Mbona haiko?"

Hapo ndipo hasira ya Bénédicte ilipopanda kweli.

"Juu kila courant ya umeme ikikatika, balinzi banakufa! Weye uko na hii moto kila siku kwa ile barabara ya hatari ya Kilo. Unataka nisome *Kasereka hajibu*? Siku tatu naisoma bila mashine!"

Kasereka alivua kofia, akapiga simu, sauti wazi ili wote wasikie.

"Baba mudogo Paluku? Jumapili mutaenda. Nilikosa mi."

"Mwambie sakoshi," Bénédicte alisema.

"...Nilifungua sakoshi yake."

Paluku alikohoa kwenye simu. Kisha: "Basi tutaongeza mbuzi moja ya pardon, ya kuomba musamaha. Na weye utaivuta kwa miguu, mbele ya watu bote."

Soko lilicheka hadi machozi. Bénédicte hakucheka. Alikusanya sketi yake ya kijani, akapanda nyuma.

Kiuno cha Kasereka hakukishika.