Mgeni wa Mnarani

Wali ulipoa ghafla. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, tena la kuchekesha, maana jua lilikuwa la utosi na mawe ya kilima yaliunguza hata kupitia soli za viatu. Mtunza mnara wa kumbukumbu ndiyo kwanza alikuwa amefungua bakuli lake, mvuke bado unapanda, akasikia hatua za mtu zikikanyaga kokoto nyuma ya mnara. Bila kugeuka akasema, "Karibu tule." Hatua zikakoma. Alipotia kijiko mdomoni, wali ulikuwa wa baridi kama uliolala nje usiku kucha, na ulinuka petroli.

Aliuzunguka mnara mara mbili. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na vitu vilevile alivyokabidhiwa wiki ile: injini ya ndege ya kivita iliyozama nusu ardhini, kipande cha bawa kilichotobokatoboka, na bamba la shaba lenye majina ya wanajeshi wanane walioanguka na ndege hiyo wakati wa vita, kabla hata mama yake hajazaliwa. Akajicheka. Akaumwaga wali, akarudi kusugua bamba.

Kazi hiyo aliipata kwa mjomba wake, aliyeifanya miaka ishirini na sita hadi alipostaafu. Mjini walimwita Shingo Upande, kwa sababu alitembea ameinamisha kichwa kushoto kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Sikio la upande huo, alisema, liliharibika zamani. Alikuwa na kituko kingine: kwake ukipiga hodi hukaribishwi. Mkewe au mmoja wa wanawe atakuja kimya, atafungua mlango, atakutazama. Ndugu walicheka kwamba Shingo Upande ni bahili hata wa maneno.

Kwa mpwa wake, hata hivyo, hakuwa bahili. Alipofiwa na mume akabaki na binti wa miaka tisa, ni mjomba aliyezunguka ofisi hadi ofisi kumpigania. Siku ya kumkabidhi funguo alimwelekeza kila kitu kwa subira, majani yafyekwe lini, shaba isuguliwe kwa kitambaa gani.

"Na saa ya chakula, mwanangu, ukisikia hatua, usigeuke kumkodolea mtu macho. Mkaribishe tu. Wageni wa pale wanapenda heshima."

"Ni hayo tu, mjomba?"

"Ni hayo tu."

Alishuka kilima machozi yakimlengalenga kwa shukrani. Mjane ana wangapi wa kumkumbuka?

Jioni ya siku ile ya wali, sikio lake la kushoto likaanza kunguruma. Mwanzoni alidhani ni lori linapanda mlima, akasubiri lipite, halikupita. Kesho yake ulikuwa mngurumo wa injini mbili, moja nzima na moja inayokohoa, na kila alipoinamisha kichwa upande huo ulipungua kidogo, kwa hiyo akawa anakiinamisha. Wiki ya tatu alianza kusikia, chini ya mngurumo, mtu anayehema karibu sana, mtu mwenye kiu, na kila alipoketi kula pumzi ile ilisogea mpaka ikagusa nywele za shingo yake, na chakula kikapoa na kunuka petroli hata kiwe kimetoka jikoni sasa hivi, na yeye akawa anameza huku amefumba macho ili binti yake asione kwamba mama anaogopa sahani.

Wakati huohuo alikutana na mjomba sokoni. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya bwana harusi.

"Kustaafu ni dawa," mjomba alisema, akacheka, akaaga haraka. Hakumtazama usoni.

Wiki ya tano alikwenda kwa mganga, mama mnene mwenye maneno machache. Mganga alifukiza, akamfunika shuka, akaamuru kwa sauti kali, "Toka kwa huyu. Toka, huna chako hapa." Mngurumo ukapungua, ukawa mbali, kama ndege inayozunguka ikitafuta pa kutua. Lakini mganga hakufurahi.

"Ameudhika," alisema taratibu. "Huyu hakuvamia, alikaribishwa. Nenda kwa aliyekufundisha kumkaribisha, tena nenda sasa hivi."

Akaenda moja kwa moja, bila kupita nyumbani.

"Hodi."

"Karibu, karibu mwanangu," mjomba aliitikia kutoka ndani, kwa sauti nyepesi.

Maisha yake yote hakuwahi kulisikia neno hilo katika nyumba ile. Akasimama palepale mlangoni.

"Mjomba, yule ni nani?"

Mjomba hakujifanya haelewi. Alivuta kiti, akakaa, akatazama mikono yake.

"Ni mmoja wa wale wanane. Yeye hakufa na wenzake. Alijikokota mpaka nyumba ya kwanza aliyoiona, na nyumba hiyo ilikuwa ya babu yangu. Wanajeshi hao walikuwa na kambi huku, walishajifunza salamu zetu. Akapiga hodi. Babu na watu wake walikuwa wanakula, wakaogopa, wakanyamaza. Alipiga hodi mpaka sauti ikamwisha. Asubuhi walimkuta kizingitini. Kinachotembea sasa si mtu tena. Ni jini lililovaa kiu yake."

"Nawe ukamkaribisha."

"Kwa bahati mbaya. Kama mtu yeyote."

"Mimi ulinifundisha."

"Miaka ishirini na sita, mwanangu. Sijui usingizi mzima ni nini. Hahami mpaka akaribishwe na mdomo mwingine, na mdomo uliokwisha kumkaribisha mara moja, ukimwita tena haitiki. Nilichoka."

"Humu ndani ulikuwa na wanao."

"Wanangu niliwakataza neno hilo tangu wanajifunza kusema."

Hapo ndipo palipouma. Si jini, jini lilikuwa na madai yake. Aliuma huyu aliyewafunga wanawe midomo kwa upendo, akamfungua yeye wake kwa hesabu. Alikumbuka alivyombusu mkono siku ya funguo, akajifuta midomo.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe una adabu," mjomba alisema kwa sauti ndogo. "Wenzako wakila wanafunika sahani."

Alitamani kumpiga. Badala yake akasema, "Basi nimemaliza. Nimetoka kwa mganga, amemwamuru atoke."

Mjomba aliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Amemfukuza? Mimi miaka yote hiyo sikuthubutu. Mgeni akifukuzwa huenda kupiga hodi mlango mwingine, na hutafuta ulio karibu na aliyemwacha. Binti yako yuko na nani?"

Ilikuwa saa saba. Shule ilikwisha kutoka.

"Yuko peke yake," alisema. "Anapasha chakula."

Alikimbia bila viatu, akapita katikati ya barabara madereva wakimtukana, akapita dukani mwenye duka akimwita, na muda wote alikuwa akiusikiliza ule mngurumo wa mbali kwenye sikio lake na kuuomba ubaki, ubaki pale ulipo, ukae katika mwili wake huu uliokwisha kuzoea, mpaka alipofika kwenye kona ya mwisho, ikibaki nyumba nne tu afike kwake, ndipo ukakoma.

Alisikia kuku wakiparura. Alisikia cherehani ya jirani. Alikuwa mzima kabisa, na alilia kwa sauti.

Binti alikuwa ameandaa sahani mbili, maji ya kunawa pembeni, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mama."

"Nani alikuja?"

"Mtu alipiga hodi, nikamwambia karibu tule. Nilipokwenda mlangoni sikumwona." Akamtazama mama yake kwa wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu."

Akageukia mlango. "Karibu," alisema. Akaigeukia kona, akageukia dirisha. "Karibu. Karibu kwangu. Nirudie mimi, nakukaribisha." Alisema mpaka koo likakauka, na nyumba ikamsikiliza kwa utulivu, bila harufu wala hatua.

Binti alitia kijiko mdomoni, akakunja uso.

"Mama, chakula kimeshapoa." Kisha akainamisha kichwa kushoto. "Kuna ndege inapita?"

Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakinyoosha polepole. Alipoachia, kikarudi upande.