Maji ya Kuchemka kwa Koko Georgette

Koko Georgette alikutwa amekufa Jumapili mchana, katika chumba kidogo kinachopakana na jiko. Hakuungua hata unywele. Moshi ndio uliomuua, na moshi ulitoka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, fahari ya mwanawe Apollinaire, mfanyabiashara wa jumla anayejulikana Kisangani nzima. Familia ilikuwa kwenye misa. Koko, yaani bibi, alibaki peke yake, kifua kilimsumbua.

Apollinaire hakungoja uchunguzi. Aliwaelekeza polisi kwa Idrissa, fundi aliyetengeneza mashine hiyo Ijumaa, nao wakamkamata. Ikithibitika ni uzembe wake, gereza linamgoja, na kule hakuna anayenenepa.

Inspekta Mwanahamisi alimkuta mahabusu amejikunyata.

"Tonton Idrissa, wewe iko fundi ao muchoma nyumba?"

"Mama Inspekta, mi nilibadilisha pampu tu. Termostati sikugusa."

Termostati, alieleza, ni kidude kinachokata umeme wa kupashia maji kabla hayajachemka. Ukikiondoa, maji yatachemka mpaka yakauke, na plastiki itaanza kuyeyuka. Inspekta akauliza ni nani mwingine aliyejua kilipo. Idrissa akatazama sakafu. Mama wa nyumba, mke wa Apollinaire, alitaka kujua mashine inajuaje kuacha kupasha, naye Idrissa, kwa kujishaua kidogo, alimwonyesha.

Mwanahamisi akaenda kwenye nyumba ya msiba, akalala kifudifudi jikoni na tochi yake, akafungua kifuniko cha chini cha mashine. Nyaya mbili za termostati zilikuwa zimechomolewa na kuunganishwa. Kiungo kilizungushiwa plasta ya hospitali.

"Fundi gani anafunga umeme kama kidonda?" akajisemea.

Kisha akachungulia ndani. Kati ya sahani za watoto, zilizofunikwa masizi, ilikuwemo moja yenye alama ya rangi ya kucha pembeni. Akamwita Apollinaire.

Ilikuwa ya mama yake, akasema. Bibi aliugua kifua kikuu. Muuguzi alishapima na kusema hawezi tena kuambukiza, lakini Apollinaire aliamuru sahani yake ioshwe nje, katika beseni yake, na yeye ale chumbani kwake, peke yake.

"Muuguzi ni muuguzi. Mi niko na batoto."

"Bon. Alors leo sahani yake iko natafuta nini humu?"

Apollinaire akainama kuitazama, Inspekta akamwonyesha ile plasta.

"Mama alikuwa na kidonda?"

"Kwa muguu. Mbambu, muke yangu, ndiye alikuwa anakifunga."

Mbambu alikuwa kwenye mkeka na waombolezaji. Inspekta alimpeleka barazani, taratibu. Apollinaire akawafuata.

"Mama Mbambu, Idrissa iko kasho, kwa polisi. Tumuache kule?"

Mbambu akatikisa kichwa.

"Hapana. Ni mimi."

"Ulitaka kumuua?"

"Kumuua? Mi ndiye nilikuwa namuogesha." Sauti yake haikupanda. "Muuguzi alisema haambukize tena. Bwana yangu akakatala. Nikawaza: haamini muuguzi, ataamini maji ya kuchemka. Nikafunga zile nyaya, nikapanga sahani zote pamoja, nikawasha, tukaenda misa. Tukirudi ningemuonyesha: angalia, moto umepita kwa zote. Leo mama atakula lituma ya ndizi na batoto."

Hakujua, akasema, kwamba mashine ingeendelea kupasha hata baada ya maji kwisha. Sufuria ikiungua mtu anasikia harufu. Yeye alikuwa kanisani, anaimba.

"Alikuwa anakula anasikiliza batoto wanacheka nyuma ya mulango. Kila siku ananiuliza: leo ao kesho? Asubuhi nilimujibu: leo, koko. Akaniomba nimusuke nywele."

Apollinaire alishika nguzo ya baraza.

Inspekta akapiga simu Idrissa aachiliwe. Apollinaire aliposema kwa kukokoteza maneno kwamba anaondoa mashitaka, Inspekta alimjibu kwamba kifo hakiondolewi hivyo. Mkewe lazima aandikishe maelezo, na mwendesha mashitaka ataamua. Pingu akaziacha kiunoni.

Mbambu akaingia nyuma ya gari la polisi. Apollinaire akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi kando yake.

"Papa Apollinaire, wewe hakuna mutu anakushitaki."

"Najua," akasema, na hakushuka.