Fundi Asiyejipima

Kila siku saa mbili asubuhi, Fundi alivuta pazia, akafungua mlango wa mbele, na chumba chake kikawa duka. Kitanda kilibaki nyuma ya pazia. Mbele palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu na rafu tatu za vitambaa. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia daftari la vipimo.

Mtaa mzima ulikuwa ndani ya daftari hilo. Fundi alijua nani amenenepa, na nani amenenepa lakini hataki kuambiwa. Mteja akisema, "Tumia vipimo vya mwaka jana," yeye alijibu, "Mwaka jana haukuja hapa leo. Umekuja wewe. Simama nikupime." Watu walicheka, wakasimama, wakapimwa.

Lakini mganga hajigangi. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa wa Fundi mwenyewe. Ulisema: kifua, inchi arobaini. Kipimo hicho kilikuwa cha miaka mitatu iliyopita. Miezi michache baadaye alipata saratani ya titi, na madaktari wakaliondoa titi la kushoto. Alitibiwa, akapona, akarudi kwenye cherehani yake. Kisha akajikatia gauni jipya kwa arobaini ile ile. Upande wa kulia likamkaa vizuri. Upande wa kushoto likaning'inia kama gunia tupu.

Fundi mwingine angekata gauni upya. Huyu wetu alishona kifuko, akakijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki mezani, akakitia ndani ya sidiria. Kifuko nacho kilikuwa na tabia zake. Siku za joto kilimwasha. Siku za mvua kilinyonya maji na kuteremka. Kwa hiyo Fundi alikibana kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, kama mtu aliyebeba mwavuli kwapani.

Hakuna aliyejua. Wateja aliwaambia kwamba alikuwa safarini. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alimwambia ilikuwa uvimbe mdogo tu. Kliniki ya uangalizi alihudhuria mwaka wa kwanza, kisha akaacha. Kule lazima uvue nguo mbele ya watu, na yeye hakutaka kuvua hata mbele ya kioo chake.

Alikula akiwa amesimama. Akiketi mezani, alikiona kiti cha pili, kitupu. Redio aliiwasha tangu anapofunga duka mpaka anapolala, wala hakusikiliza habari. Alitaka sauti za watu tu. Alikuwa mpweke sana, na upweke huo aliushona mwenyewe, mshono kwa mshono.

Siku moja mchana simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyo mpangaji wako wa tumboni hajambo?"

"Hajambo, anapiga mateke tu. Mama, nataka nije nijifungulie kwako. Baba wa mtoto yuko kazini mbali. Niko peke yangu hapa."

Fundi aliangalia pazia. Nyuma yake kulikuwa na kitanda kimoja na beseni moja. Binti yake angemwona akioga. Angemwona akivaa.

"Chumba changu kidogo, mwanangu. Kimejaa vitambaa."

"Si nimelelewa humo humo? Hakikuwa kidogo."

"Sindano zimezagaa. Si mahali pa mtoto mchanga."

Binti akauliza polepole, "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Haya. Basi."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishika. Alijua kwamba amemfukuza mwanawe, na sababu ya kumfukuza hakuweza kuitamka.

Siku ya tatu akaja jirani wa ghorofa ya juu. Mwanamke huyu alifundisha yoga kwenye ukumbi wa mwisho wa mtaa. Kila alipopita alikuwa na mkeka wake wa mazoezi umekunjwa kwapani, ndiyo maana watu walimwita Mama Mkeka. Alileta suruali iliyotoboka magotini kwa mara ya tatu.

"Magoti yako yana meno?" Fundi akamuuliza.

"Yana kazi, dada. Nitilie viraka vya kitambaa kigumu. Kile cha bluu pale juu kitafaa."

Kitambaa cha bluu kilikuwa kwenye rafu ya juu, kimezungushwa kwenye ubao mzito. Kilihitaji mikono miwili. Mkono wa kulia ukafika. Wa kushoto ulifika usawa wa bega, ukagoma. Maumivu yakamchoma Fundi, ubao ukaanguka, na kile kifuko kikateleza mpaka kiunoni. Kioo kilikuwa mbele yao. Wote wawili waliona.

Mama Mkeka hakucheka, wala hakuguna. Alienda kufunga mlango, akageukia ukutani.

"Jitengeneze, dada. Nasubiri."

Adabu hiyo ndiyo iliyomliza Fundi. Angechekwa, angejua la kufanya.

"Nilikatwa," alisema. "Saratani." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti ndani ya chumba kile.

Mama Mkeka alivuta kiti cha pili, akaketi. "Mkono unauma tangu lini?"

"Zamani. Nikikata kitambaa kirefu, vidole vinakufa ganzi. Naogopa siku moja utakataa kushika kitambaa."

"Na kliniki wanasemaje?"

Fundi akatazama sakafu.

"Sikiliza. Mimi nafundisha yoga, si daktari. Mkono huo lazima uonwe kliniki. Kabla ya hapo sitakunyoosha hata kidole. Lakini nikuulize jambo. Gauni ulilovaa umelikata kwa kipimo cha nani?"

"Changu."

"Cha lini?"

Fundi aliliangalia daftari pale msumarini. Kisha akauliza, ili kubadili maneno, "Kwani huko kwenu mnafanya nini? Mnajikunja tu?"

"Tunajikunja kidogo. Zaidi tunajifunza kukaa na kilichopo. Yoga yangu inafuata falsafa ya tantra."

Fundi alikunja uso. "Tantra si yale mambo ya chumbani?"

Mama Mkeka akacheka. "Watu wamevuta uzi mmoja, wakasema ndiyo nguo. Wewe ni mtu wa vitambaa. Kitanda cha mfumi unakijua?"

"Nisikijue? Ni chombo cha kufumia. Nyuzi za mtande zinatandwa kwa urefu, za mshindio zinapita katikati."

"Basi. Tantra ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Maana yake moja ni hicho kitanda cha mfumi na mtande wake. Walikuwepo waliofundisha kwamba mwili ni mzigo, uukimbie. Walimu wengi wa tantra walikataa. Walisema mwili, maumivu, furaha na dunia yote ni kitambaa kimoja. Ukitafuta ukweli, anzia kwenye mwili ulio nao."

"Hata mwili wenye kovu?"

"Wewe ndiye fundi. Ukichomoa uzi wa mtande kwa sababu huupendi, inakuwaje?"

"Kitambaa kinalegea." Fundi alijibu haraka. Kisha akapandwa na hasira. "Kwa hiyo nifurahi kukatwa? Nipige vigelegele?"

"Hapana. Lia. Kasirika. Hizo nazo ni nyuzi. Kukubali si kupenda kilichotokea. Ni kuacha kubishana nacho. Huo mkono wako wa kushoto umebishana muda mrefu, dada. Umechoka."

Fundi aliutazama mkono wake. Ulikuwa umeshabana kifuko tena, bila yeye kuuambia.

"Dini yangu utanibadilisha?"

"Dini yako baki nayo. Hii ni namna ya kupumua na kutazama."

Mama Mkeka akamwonyesha. Keti, nyayo zikanyage sakafu. Fumba macho. Pumua taratibu, usilazimishe. Weka kiganja juu ya kovu, juu ya nguo, bila kukandamiza. Halafu taja kilichopo, usikisifu wala usikitukane.

Fundi alifumba macho, akaweka kiganja kushoto. "Hapa pana joto," alisema. "Hapa panavuta." Akapumua. "Hapa sihisi kitu." Akapumua tena. "Hapa pana woga."

"Pana woga," Mama Mkeka alirudia. Kisha akauokota ule ubao wa kitambaa cha bluu, akaurudisha rafuni.

Wiki ile Fundi alikwenda kliniki. Alivua nguo mbele ya nesi. Walimpima, wakamchunguza, na hawakuona dalili ya saratani kurudi. Mtaalamu wa viungo alimwambia kwamba bega limekakamaa kwa kubanwa muda mrefu. Akampa mazoezi, na ruhusa ya yoga ya taratibu. Akamwonya: mkono ukivimba au ukiwa mwekundu, aje upesi.

Nesi akauliza, "Una binti?"

"Ninaye. Ni mjamzito."

"Anajua ulichougua?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Mwambie, mama. Saratani hii mara nyingine hufuata ukoo, na kliniki yake wanapaswa kujua, wamwangalie vizuri. Unachomficha ni habari yake pia."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, na hayakumwacha. Lakini simu hakuipiga. Alianza na mkono. Kila asubuhi alisimama karibu na ukuta, akatembeza vidole vya mkono wa kushoto kwenda juu, kama buibui. Vilipofika mwisho, aliweka alama kwa chaki ya kukatia nguo. Siku nyingine alama ilipanda. Siku nyingine ilishuka, naye alikasirika, akaiweka hivyo hivyo ilivyo. Kisha aliketi, akapumua, akataja kilichopo. Asubuhi moja alisema, "Hapa pana kiti kitupu," na alijua kitakachofuata.

Akapiga simu.

"Mwanangu, ule haukuwa uvimbe mdogo. Ilikuwa saratani. Sina titi la kushoto. Nilikukataza kuja kwa sababu sikutaka unione."

Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu. Fundi hakukikimbia. Alipumua ndani yake.

"Na mimi nikadhani hunitaki," binti alisema, akilia.

"Nakutaka. Nilikutaka siku zote."

Kesho yake binti alipiga tena. Alikuwa amewaambia wa kliniki yake. Walimchunguza, wakaandika habari ya mama yake kwenye kadi, wakamwelekeza namna ya kujiangalia. Walimruhusu pia kusafiri. "Sasa panga hizo sindano zako," alisema. "Nakuja."

Alifika Jumamosi, tumbo mbele, mzigo nyuma. Walilia, wakacheka, wakaketi wote wawili mezani wakala. Redio haikuwashwa. Asubuhi Fundi alioga kwenye beseni lile lile nyuma ya pazia, na binti akamsugua mgongo. Binti aliliona kovu. Alilitazama, akaendelea kusugua.

Baada ya hapo Fundi alisimama mbele ya kioo, ndani ya shimizi tu, bila kifuko. Akamkabidhi binti tepu ya kupimia. Akainua mikono yote miwili. Wa kushoto ulichelewa kidogo, lakini ulipita usawa wa kichwa.

"Anzia katikati ya kifua, uishie ubavuni chini ya kwapa," alisema. "Upime kila upande peke yake."

"Kulia, inchi kumi na nusu. Kushoto, nane na nusu."

"Andika."

Binti alilitungua daftari, akafungua ukurasa wa kwanza. Aliiona ile arobaini. Kalamu ikasita juu yake.

"Hiki cha zamani nikikate, mama?"

Fundi alijiangalia kwenye kioo, kulia na kushoto.

"Usikikate. Kilikuwa changu pia. Andika hivi chini yake."

Kisha alipanda kwenye kigoda, akakishusha kitambaa cha bluu kwa mikono miwili, akakitandaza mezani: viraka vya Mama Mkeka kwanza, kisha gauni lake mwenyewe.