Magome Chini ya Barafu

"Kobe, Kobe. Sangara wametoka kiwandani. Unasikia?"

"Nasikia, Mkuu. Nimewashika mkia."

Maige Shimba aliitupa redio yake ya Motorola juu ya dashibodi, akapiga miayo. Mbele yake malori sita ya minofu ya samaki yalikuwa yakitoka Mkuyuni kuelekea uwanja wa ndege. Meupe yote. Machakavu yote. Yote yakidondosha maji ya barafu barabarani kama watoto wenye mafua.

Land Rover ilikohoa. Naye akakohoa. Jasusi na gari lake wote walishapita umri wa kustaafu, ila serikali ilikuwa haijapata fedha za kununua wengine.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Daktari Prudencia Mutayoba, mkemia aliyeazimwa kutoka mahabusu, mikono ndani ya pingu.

"Ngosha, kanyaga mafuta! Au unaswaga ng'ombe?"

"Daktari, mtu mwenye pingu huwa anaomba. Haamrishi."

"Mhaya haombi, Msukuma wewe. Anakumbusha."

Maige alitaka kucheka. Akaahirisha. Kucheka nako kunahitaji nguvu.

Miaka kumi Prudencia alikuwa akiuchunguza mkomafi wa delta ya Rufiji, mti wa mikoko unaosimama pale bahari na mto vinapogombea tope, mizizi yake ikitambaa juu ya matope kama nyoka, matunda yake makubwa kama mpira wa shule. Wazee wa huko huchemsha gome lake kutibu tumbo la kuhara. Yeye alikuwa amekitenga kile kinachotibu. Halafu magunia ya magome yakatoweka ghalani kwake. Polisi wakasema ameyauza kwa mzungu.

Magunia yalipanda treni hadi Mwanza. Bandarini Dar yangekaguliwa. Huku, samaki hakaguliwi. Akicheleweshwa anaoza, na mwekezaji ananuna.

Ndege ikiruka, Prudencia angekwenda jela. Na dawa ingerudi kutoka Ulaya ikiwa na jina la mtu mwingine.

"Na miti yenyewe?" Maige aliuliza.



"Wameivua gome mzunguko mzima. Ukiuvua mti hivyo umeuchinja, Ngosha. Bado imesimama. Lakini nimetembea katikati ya maiti."

Redio ikakoroma.

"Kobe, sikiliza vizuri. Unaruhusiwa kufungua boksi moja tu. Ukifungua ukakuta samaki, unaomba radhi na mimi nafukuzwa kazi, natafuta shamba Misungwi. Mwekezaji siku hizi ni kama mgonjwa mahututi. Haguswi."

"Boksi moja kati ya mia ngapi, Mkuu?"

"Ndiyo maana tumekutuma wewe."



Uwanjani, ndege ya mizigo, Antonov, ilikuwa imeachama mkiani. Kessler, mwekezaji mwenyewe, mnunuzi wa minofu, alisimama kivulini na kofia yake nyeupe. Kando yake Masele, meneja wake, kijana wa mkufu wa dhahabu na Ray-Ban, shati limevimba kiunoni. Kilichovimbisha hakikuwa kitambi.

"Mzee, umepotea njia?" Masele alisema. Shikamoo hakuitoa. "Kituo cha afya kiko kule."

Maige alikuwa akitembea kando ya malori, taratibu, mikono nyuma, kama mkwe anayekagua ng'ombe wa mahari.

Lori la kwanza: maji meupe.

La pili, la tatu: meupe.

La nne.

Akasimama.

Maji yalitoka pembeni mwa bodi yakiwa mekundu kama chai ya rangi. Yalipoteremka kwenye chuma chenye kutu yaligeuka meusi. Meusi tititi.

Akachovya kidole. Akalamba.

Ukakasi ukamkunja ulimi, kama amelamba ndizi mbichi.

Akamkumbuka mama yake, kule kijijini Kayenze, kabla ya nyavu za nailoni. Alichemsha magome ili nyuzi za pamba zisioze majini, na alichemshia kwenye chungu cha udongo tu. Siku moja chungu kilipasuka, akatumia sufuria la chuma. Baba akavua msimu mzima na wavu mweusi. Kila mwalo aliotia nanga watu wakampa pole ya msiba.

"Daktari!" akaita. "Magome yako yakikutana na chuma?"

Prudencia alikuwa ameshatoa kichwa dirishani.

"Tanini, ule ukakasi wa magome, na chuma? Vinakuwa wino!"

Kessler akavua kofia. Akaivaa tena.

"Boksi lile," Maige alisema. "La chini kabisa, kona ya kushoto, yanapotokea maji."

Likashushwa. Likafunguliwa.

Samaki.

Masele akacheka hadi mkufu ukacheza. "Omba radhi, mzee. Tena kwa Kiingereza."

Maige aliinyanyua minofu iliyoganda, akaigeuza. Chini ilikuwa ya kahawia, ngumu, imekunjamana.

"Samaki nimemla tangu sina meno," akasema. "Huyu amelala na magome hadi amekuwa soli ya kiatu."

Akavuta plastiki iliyotandikwa chini yake. Magome.

Mkono wa Masele ukaenda kiunoni.

Bastola ya Maige, Browning, ilikuwa garini, chini ya kiti, pamoja na michembe yake ya viazi vikavu. Hakuwa na nguvu za kuifuata. Akaizungusha ile minofu, kilo tano za barafu na tanini, ikatua shavuni mwa kijana. Ray-Ban ikaruka upande, bastola upande.

Maige akaiokota bastola. Walther. Nzuri. Akamwelekezea Kessler, aliyekuwa ameanza kuinyemelea ndege.

"Bwana Kessler, mgeni haondoki bila kuaga."

Toka chini, sauti ndogo ya Masele: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Polisi wa uwanjani walipomaliza kuwabeba, Masele akiwa ameshakiri wizi wa ghalani, Prudencia alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi, akikumbatia magome kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Maji mekundu yalimtiririkia viganjani hadi kwenye pingu kuukuu. Chuma kikaanza kuwa cheusi.

Maige akainama, akazifungua.

"Zimekuandikia ushahidi zenyewe."

"Kesho narudi delta," Prudencia alisema, akijisugua vifundo vya mikono. "Mkomafi huangusha mbegu zake majini, zikaelea mpaka zikapata tope. Labda ziko zilizowakimbia hao wezi."

"Labda."

Redio ikakoroma. "Kobe, safi sana! Sasa kuna jambo dogo Bukoba..."

Maige akaizima, akamkabidhi Prudencia funguo za gari.

"Ngosha! Unakwenda wapi?"

"Kulala."

Akaondoka kwa miguu kuelekea ziwani, koti begani, kidole kimoja cheusi. Hakugeuka.