Zamu ya Mashine ya Kona

Mkono ulimgusa begani wakati akifunga aproni aanze zamu, naye akaitikia kwa kichwa bila kugeuka. Ndivyo walivyozoea madobi wa hospitali ile. Mashine zao zilinguruma kiasi kwamba ukimpigia mwenzako kelele sikioni hakusikii, kwa hiyo anayemaliza humwekea anayeanza kiganja begani, anayeanza huitikia kwa kichwa, na kazi imeshahama. Alipogeuka hakuona mtu. Palikuwa na mashine ya kona tu, mbovu, imezimwa ikisubiri fundi. Akaigusa. Ilikuwa ya baridi, na bado aliisikia ikinguruma.

Akatoka na kelele ile kazini. Ilimfuata njiani, ikakaa naye mezani, ikalala naye kitandani, na mto wake ukaanza kunuka nguo zilizovundia. Mumewe, fundi cherehani, alihamishia kazi yake kwenye baraza la jirani ili mke apumzike. Haikusaidia kitu. Ndani ya ule mngurumo alianza kusikia kitu kinavuta pumzi.

Daktari wa masikio alimmulika, akasema masikio mazima. Msimamizi wake alicheka.

"Kelele? Hapa ni dobini, mama, unataka tukuimbie? Jikaze kisabuni."

Hospitali nzima ilijaa watu wa kuponya watu, na anayewafulia shuka hakuhesabiwa kuwa mtu. Hilo linaniudhi hata kulisimulia.

Ni shoga yake wa kwenye pasi aliyemvuta hadi stoo ya shuka, akafunga mlango, akamwambia kwa nguvu, mdomo ukigusa sikio: "Aliyekuwa pale kabla yako walimtoa anacheka peke yake, kajiziba masikio. Wakasema kachanganyikiwa. Shoga, yule hakuchanganyikiwa. Alipokea."

Angevumilia yote hayo, lakini kulikuwa na binti yake. Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, na maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakimpa mama nguvu ya kurudi kazini kila siku. Sasa mngurumo ulikuwa umezidi, aliona midomo tu ikichezacheza. Kisha siku moja alikuwa ameketi uani akichambua maharage, amelipa mgongo pipa la maji, mpaka jirani alipompita mbio na kumtoa Kasuku pipani akiwa anatapika maji. Mtoto alikuwa amemwita mama yake hadi sauti ikakauka. Hatua chache tu, na mama hakusikia.

"Nitamuua mwanangu," alimwambia mumewe, akilia bila kujisikia akilia. "Niondolee hiki kitu au niondoe mimi."

Mumewe akamleta mganga mchana uleule. Mganga alimtazama, akanusa hewa, akasogea nyuma kidogo.

"Huyu jini hana kwake," alisema chini chini. "Anaishi kwa kupokewa. Nitamnyamazisha, kisha nimfunge. Ila ukimya ukija, mama asimguse mtu mpaka niseme."

Mumewe akayarudia maneno hayo kwa nguvu sikioni mwake, mara mbili, naye akaitikia kuwa ameelewa. Kasuku akapelekwa nyuma ya pazia.

Mganga akaanza kusoma, na mngurumo ukapanda, ukapanda tena, meno yakamgongana, harufu ya nguo zilizovundia ikajaa chumbani mpaka mumewe akaziba pua, na ile pumzi ndani ya kelele ikawa sauti, na sauti ikasema kwa kinywa chake yeye mwenyewe, polepole, "Nimechoka hapa, nani anaingia, nani anaingia," mpaka akadhani fuvu litapasuka, ndipo ghafla ikakatika.

Kimya. Akasikia nzi. Akasikia mumewe akimeza mate. Kisha akasikia sauti aliyokuwa akiililia.

"Mama, umepona?"

Kasuku alikuwa ametoka mbio, amesimama mbele yake. Miaka yote ya dobini, mashine ikinyamaza, mkono wake ulijua pa kwenda, na sasa ulikwenda wenyewe, kwa furaha na kwa mazoea, ukatua kwenye bega dogo. Na Kasuku, ambaye alikuwa akicheza na mama yake kupokezana zamu kama madobi tangu ajifunze kutembea, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa.

"Mtoto!" mganga alipiga ukelele. "Toa mkono!"

Aliutoa. Tabasamu la Kasuku lilikuwa limeshafutika, viganja viko masikioni.

Mama akapiga magoti. Akaukamata mkono wa mwanawe, akauweka begani mwake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Akauondoa, akauweka tena, akaitikia, akaitikia, huku machozi yakimtiririka. "Nirudishie, mwanangu. Nimepokea, unaona? Nimepokea. Nirudishie."

Kasuku aliikodolea macho midomo ya mama yake, kisha akauliza kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine:

"Mama, unasemaje?"