Mpira Uliosuguliwa kwa Siri

Kila Jumamosi asubuhi Nadira alifua sare yake, akaianika kwenye roshani ya nyumba yao huko Kabiria, kisha akaenda Kilimani kwa mazoezi ya boling pamoja na timu ya shule. Aliupenda sana mchezo huo wa kuviringisha mpira mzito kwenye njia ndefu ya mbao ili kuangusha pini kumi zilizosimama mwishoni.

Ijumaa moja kocha wao, Mwalimu Rael, alimpa kipande cha msasa.

"Kesho ni mashindano, na njia zitapakwa mafuta mengi," alisema. "Mpira wako unang'aa mno, utateleza tu. Usugue leo nyumbani mpaka ufifie, ndipo utashika njia na kupinda kuelekea kwenye pini. Mchezo ukishaanza, msasa ni marufuku."

"Sawa, Mwalimu."

Lakini jioni, Nadira alipoutazama mpira wake wa buluu, aliona uchungu kuuharibu. Akaurudisha mkobani pamoja na msasa.

"Ulisugua?" Mwalimu alimuuliza asubuhi iliyofuata ukumbini.

"Ndiyo, Mwalimu." Jibu lilimtoka kabla hajafikiri.

Katika mchezo wa kwanza mpira uliteleza moja kwa moja, ukagusa pini za pembeni tu.

"Ajabu! Hebu niuone," Mwalimu alisema.

"Ni mkono wangu tu, Mwalimu. Nitarekebisha," Nadira alijibu haraka, akaufunika mpira kwa taulo.

Wakati wa mapumziko alijifungia chooni na mkoba wake. Aliusugua mpira huku jasho likimtoka. Watu waligonga mlango. "Wee, toka basi! Tuko wengi huku!" Akautupa msasa kwenye pipa la taka, akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Mchezo wa pili ulipoanza, mpira ulipinda vizuri na pini zote zikaanguka. Wenzake waliruka kwa furaha. "Nadira, umewamaliza!" Alijaribu kutabasamu. Kila waliposhangilia, alitamani sakafu ipasuke immeze.

Ghafla mwamuzi, Bwana Okinyi, alisimamisha mchezo. Mkononi alishika kipande cha msasa.

"Hiki kimeokotwa chooni," alisema. "Mukai, mpira wako umefifia, nawe ulionekana ukitoka huko."

Mukai, msichana wa shule moja ya Ngara, alishtuka. "Niliusugua jana nyumbani! Mamangu aliniona! Leo sijaugusa!"

"Siwezi kuthibitisha hilo. Nitafuta alama zako, utoke mchezoni," mwamuzi alisema.

Mukai alianza kulia. Nadira alihisi kubanwa pande zote. Akisema, timu yake itashindwa na Mwalimu atajua kuwa alimdanganya. Akinyamaza, Mukai ataondoka hivyo hivyo. Mukai aliinama kufungua kamba za viatu vyake.

"Si yeye!" Nadira alisikia sauti yake mwenyewe. "Ni mimi."

Bwana Okinyi aliukagua mpira wa buluu, akafuta alama za Nadira na kumtoa mchezoni. Mukai aliruhusiwa kuendelea. Timu ya Nadira ilimaliza ya mwisho, na rafiki yake Jacklyne hakumsemesha.

Nadira alimwendea Mukai, akamwomba msamaha.

"Umeniogopesha sana," Mukai alisema, akipangusa macho. "Lakini asante kwa kusema."

Mwalimu Rael alimkuta Nadira kwenye benchi.

"Sikuona pa kutokea, Mwalimu," Nadira alisema kwa kwikwi.

"Mlango ulikuwa wazi asubuhi nilipokuuliza. Ungesema hukusugua, tungeusugua pamoja kabla ya mchezo kuanza. Uliogopa aibu ndogo, ukaongeza uongo juu ya uongo, mpaka mwenzako akakaribia kuadhibiwa kwa kosa lako. Kazi ambayo hukuifanya, iseme mapema, Nadira."

Alimshika bega.

"Kushindwa kwa leo tutakusahau. Mukai angefukuzwa bila kosa, hilo usingelisahau maisha yako yote."